Dada Saa Tatu

Mimi sina simile kwenye mambo ya wajawazito, na aliyewahi kufanya kazi na mimi atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mmoja, kuanzia zahanati za vijijini Uyui mpaka wodi ya wazazi mjini Tabora. Watoto niliowapokea kwa mikono hii, ukiwapanga kando ya reli, wataanzia stesheni ya Tabora mpaka Tura na wengine watakosa pa kusimama. Najisifu, ndiyo. Nikisubiri kusifiwa na wengine nitasubiri mpaka siku ya kuagwa kanisani.

Nilipostaafu nilikaa nyumbani kwangu Isevya mwezi mzima nikipanga na kupangua vyombo. Kila mjamzito aliyepita mlangoni nilimwita, nikambonyeza miguu kuona kama imevimba, nikamdai kadi ya kliniki. Wakaanza kupita njia ya nyuma. Jirani yangu Maua, ambaye kwa ulimi hana mpinzani mtaa mzima, akaniambia, "Shoga, tafuta kazi. Unanifukuzia wateja wa vitumbua."

Kazi ikanifuata yenyewe. Asubuhi moja alikuja Rashidi Mfaume. Rashidi ni mtoto wa hapa hapa mjini, baba yake ni fundi cherehani wa siku nyingi, na mama yake nilimzalisha mimi, kwa hiyo huyo Rashidi nilimwona kabla hajajiona. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akapata kazi huko, kisha akarudi, jambo ambalo vijana wetu hawalifanyi.

"Shikamoo mama Apolinaria."

"Marahaba. Umekonda."

Alicheka, akaketi, akaniambia kilichomrudisha. Kuna mradi wa wajawazito kwenye vijiji vya njia ile ya zamani ya misafara, Tura, Goweko na vinavyofuata. Wanatumia akili mnemba, yaani kompyuta iliyofundishwa kusikia watu na kuongea nao. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, inampigia simu kila mjamzito aliyekubali kupigiwa. Inamuuliza hali yake kwa Kiswahili au Kinyamwezi, inasikiliza majibu, halafu inawapanga kwa rangi. Kijani ni mzima. Njano, muuguzi ampigie leo. Nyekundu, apigiwe sasa hivi na gari lijiandae.

"Na mimi niingie wapi humo?" nikamuuliza. "Kompyuta yenyewe siijui hata inawashiwa wapi."

"Wewe usikilize, mama. Bado inajifunza. Kila simu iliyopigwa utaisikiliza, useme imepanga sawa au imekosea."

"Yaani niikague."

"Uikague."

Neno hilo nilikuwa nimelikosa mwezi mzima. Nikavaa viatu.

Nilikwenda na nia mbaya, sitaficha. Nilitaka kuiumbua. Nilivaa hedifoni nikiwa nimekunja uso, na kitu cha kwanza kusikia kilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu, ikisema, "Mwangaluka, mayu." Ilikuwa kama shangazi yangu kule kwetu Goweko anavyoamkia asubuhi akiwa bado na jivu la jikoni mikononi. Machozi yakanitoka. Mimi nilichapwa darasa la tatu kwa kuongea Kinyamwezi uwanjani, nikajifunza kwamba hicho ni cha kuongelea nyumbani tu. Leo kompyuta inakiongea, tena imekisoma kwa sababu Rashidi, mtoto wa mjini ambaye Kinyamwezi chake cha kuombea maji tu, alikaa miezi sita vijijini akiwarekodi wanawake kwa ridhaa yao. Moyo wangu ulijaa siku ile.

Na kazi ilikuwa inaijua. Wiki ya pili ilimpigia mwanamke wa Tura aliyekuwa ameanza kutokwa damu na amekaa kimya akiogopa kumsumbua mume. Ikampa nyekundu. Gari likafika, mama akapona, mtoto akapona. Wanawake wakaibatiza wenyewe, wakaiita Dada Saa Tatu. Ukipita sokoni Goweko unasikia, "Dada Saa Tatu kanipigia," kama mtu anayetaja wifi yake. Haichoki na haifoki. Mimi ukija kliniki umechelewa nitakusema mpaka ujute kuzaliwa, halafu safari nyingine huji kabisa, na kosa linakuwa langu. Yeye hana hayo. Kwa kweli nilianza kumpenda, na kila niliyemkuta njiani nilimwambia kwamba kitu kile kimetengenezwa Tabora, na watu wa Tabora, na mkaguzi wake ni mimi.

Mkuu wa mradi alikuwa Bwana Leodgar, mtu wa Dar es Salaam, shati limenyooka mpaka unaogopa kumpa mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Makubaliano tangu mwanzo yalikuwa hivi: tukiisikiliza mashine miezi mitatu na tukiona kijani chake hakina makosa, basi watu waache kusikiliza simu za kijani. Hapo mradi ungeweza kuenea mkoa mzima, maana wasikilizaji tulikuwa wachache na wajawazito ni wengi. Karatasi ya kuiruhusu ilitakiwa sahihi yangu, kama mkaguzi mkuu. Miezi mitatu ilipotimia, katika kila simu mia za kijani nilikuwa nimekubaliana na mashine kwenye tisini na nane. Wageni wakaalikwa kutoka Dodoma, Alhamisi saa tano asubuhi, waje washuhudie nikitia sahihi. Nilipeleka gauni langu la kitenge kwa baba yake Rashidi alipunguze kiunoni.

Alhamisi hiyo niliwahi. Simu za saa tatu zilikuwa zimeshapigwa, na kijani walikuwa arobaini na mmoja. Nikataka kuwamaliza kabla wageni hawajafika. Nasikiliza, napiga vema. Nasikiliza, napiga vema. Rashidi akaingia saa nne, si kawaida yake kuchelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, mama." Akaweka begi, akaanza kufungua waya wa kompyuta. "Ila mzee amelazwa tangu jana. Presha."

Nikampa pole, nikamuuliza wodi, nikamwambia nikitoka hapa nitapita kumwona. Akashukuru. Nikarudisha hedifoni masikioni. Dada Saa Tatu alikuwa anamuuliza mwanamke mmoja habari za hali yake, na yule mwanamke akajibu, "Nzuri." Papo hapo Dada Saa Tatu akasema, "Ahsante. Mtoto anacheza tumboni?" Yule akasema anacheza. Wakaagana.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye vema. Kikagoma.

"Rashidi."

"Naam, mama."

"Nilipokuuliza habari za nyumbani, ulijibu nini?"

"Nimekwambia mzee amelazwa."

"Hapana. Kabla ya hapo."

Akafikiri. "Nilisema nzuri."

"Baba yako yuko hospitali, na umeniambia nzuri."

Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa viatu. "Sasa mama, ningeanzaje? Salamu ni salamu."

Ni kweli, ndivyo tulivyo. Hata penye msiba, mgeni akibisha hodi na kuuliza habari za hapa, anajibiwa salama, anavutiwa kiti, halafu ndipo anaambiwa, ila tumefiwa. Humtupii mtu msiba usoni kabla hajakaa. Nzuri kwetu ni mlango tu, habari yenyewe iko ndani, na inaanzia kwenye ila.

"Hii mashine yako," nikasema, "mtu akishatamka nzuri, inafanya nini?"

Nikaona tabasamu linamtoka. "Inachukulia kwamba amejibu. Inakwenda swali la mwisho, la mtoto kucheza. Yale maswali ya dalili za hatari inamuuliza aliyesema hajisikii vizuri."

"Haimsubiri amalize?"

"Tulipunguza muda wa kusubiri. Tulisema wanawake wako shambani, simu isiwe ndefu, isiwachoshe."

"Na hizi rekodi ninazosikiliza mimi, zinakatwa wapi?"

Akauacha ule waya. "Pale mashine inapoacha kusikiliza. Mtu akiongea wakati yenyewe inauliza swali lingine, au ikishaaga, sauti yake haimo."

Nikavua hedifoni. Miezi mitatu. Mashine inafunga masikio mtu akifika kwenye ila, na mimi naletewa kipande kile kile ilichosikia, nakaa nakisifu. Angekuja mgeni kutoka Ulaya akatengeneza kitu cha namna hiyo ningemtukana mpaka kesho kutwa, ningesema hawa watu hawatujui. Hii imetengenezwa na mtoto wa Tabora, ikakaguliwa na mwanamke wa Goweko ambaye tangu aanze kuongea hajawahi kusema nzuri bila kuwa na ila mfukoni. Kwa sababu ni yetu hatukuisikia. Nilijiona mjinga, na mimi kujiona mjinga si jambo nililolizoea.

"Hao arobaini na mmoja wa leo," nikamwambia, "tuwapigie sisi wenyewe. Sasa hivi."

Hakuniuliza wageni itakuwaje. Akagawa orodha, yeye nusu, mimi nusu, tukaanza.

Saa tano kasoro Bwana Leodgar akaingia na wageni wanne, karatasi iko kwenye faili jekundu, mpiga picha nyuma yao. Mimi nina simu sikioni. Nikawainulia mkono wasubiri. Nilipomaliza nikawasalimia, nikasema, "Karibuni sana, viti hivyo hapo. Mtatuvumilia, tuna simu za kupiga."

Bwana Leodgar akanivuta pembeni. Nikamweleza, na alielewa upesi, kichwa chake ni chepesi. Lakini akasema, "Mama, asilimia tisini na nane."

"Hiyo ni hesabu ya mimi na mashine tukikosea pamoja."

"Basi tia sahihi leo, na mwezi ujao tufanye semina. Tuwafundishe akina mama wajibu moja kwa moja. Ukiulizwa hali, sema tatizo."

Hapo ndipo simile iliponiisha kabisa. "Mwanangu," nikamwambia, na wageni wakasikia, na sikujali, "hapa nani ni mgeni? Babu zangu wamebeba mizigo ya dunia nzima kwa mabega kwenye njia hii, kutoka huku mpaka pwani na kurudi, na hawakuangusha. Mwarabu amepita, Mjerumani amepita, Mwingereza amepita. Kila mmoja alifika hapa akafundishwa kuamkia na kungoja ajibiwe. Leo ije mashine niliyoishuhudia ikizaliwa, halafu mama mjamzito wa Goweko ndiye apelekwe semina abadilishe salamu yake? Mashine ndiyo ikae darasani."

Kwenye wale wageni kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, hata jina lake sikuwa nimelishika. Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akasema, "Nipeni majina kumi na mimi nipige."

Nikarudi kwenye simu. Wa kwanza niliyempigia baada ya hapo alikuwa mzima, hakuna ila. Wa pili mzima. Wa tatu, ila kiungulia. Wa nne mzima. Nikaanza kujiuliza kama nimewaaibisha watu bure. Wa tisa alikuwa Magreth Ngollo wa Goweko, mimba ya miezi minane, mimba ya pili.

"Mwangaluka, Magreth. Ni mama Apolinaria, wa mradi wa Dada Saa Tatu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri tu, mama."

Nikanyamaza. Wanaonijua hawataamini, lakini nilinyamaza. Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu anapasua kuni.

"Ila kichwa tu, mama," akasema. "Na macho. Tangu jana naona kama vimulimuli. Nikasema ni moto wa bani, maana tunakausha tumbaku na mimi ndiye ninayechochea."

"Kichwa kimeanza lini?"

"Jumatatu. Si nilimwambia Dada Saa Tatu? Nilimwambia Jumatatu, na leo nimerudia. Nasubiri muuguzi apige, kama mlivyosema kliniki."

Niliomba Mungu sauti isinitoke vibaya. Huyu mwanamke hakuzembea. Tulimwambia ukiona dalili, mwambie Dada Saa Tatu, na yeye akamwambia, mara mbili. Angekuwa hana simu yetu angepanda baiskeli ya mumewe akaenda zahanati tangu siku ya kwanza. Alikaa nyumbani kwa sababu alijua ameshasikiwa.

"Magreth, uso umevimba?"

"Mume wangu anasema nimenenepa."

Kifafa cha mimba. Mkunga yeyote angekwambia. Kikimwangusha mtu kijijini, mara nyingi mnazika wawili.

Nikampigia Levina, muuguzi wa zahanati ya karibu na kwa Magreth. Levina nilimfundisha mimi, na alipokuwa mwanafunzi nilimliza mara mbili, kwa hiyo nikisema jambo hapotezi muda kuuliza. Alikodi pikipiki akafika kwa Magreth ndani ya nusu saa. Presha, mia na themanini kwa mia na ishirini. Akamchoma sindano ya kuzuia kifafa hapo hapo juu ya mkeka, akaomba pikapu la chama cha wakulima wa tumbaku, wakaanza safari ya kuja mjini.

"Gari la wagonjwa liko wapi?" nikauliza.

"Limekwenda Tura," Rashidi akasema.

Bwana Leodgar alikuwa ameshatoa funguo mfukoni. Lile gari zuri lililoleta wageni, aliliendesha mwenyewe, mimi nimekaa mbele na begi langu la ukunga ambalo sijawahi kuliacha nyumbani hata baada ya kustaafu. Mvua za Machi zilikuwa zimeikoroga barabara. Katikati ya njia tukakutana na pikapu, Levina nyuma amemlaza Magreth kwa ubavu juu ya magunia, amemfunika kanga mbili. Uso umevimba, macho ameyafumba kwa mwanga, lakini hajaanguka. Tukamhamisha. Shati la Bwana Leodgar likaisha hapo, tope mpaka kolani, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu wa kumpa mkono.

Hospitalini walimpasua saa tisa alasiri. Mtoto wa kike, kilo mbili na kidogo, akalia kwa sauti ya kudai haki yake. Mama akapona. Nilisimama kwenye korido na kitenge changu kilichopunguzwa kiunoni, kimejaa matope, nikasema moyoni kwamba hakuna siku nimependeza kama leo.

Katika wale arobaini na mmoja, kumi na mmoja walikuwa na ila. Wengi ni viungulia na miguu, wawili walihitaji kuonwa siku hiyo, na mmoja alikuwa Magreth. Usiku Rashidi alinitumia ujumbe kwamba ameisimamisha rangi ya kijani mpaka tutakapoirekebisha, na kwamba baba yake anaendelea vizuri. Safari hii alianza na ila, nzuri ikafuata.

Lakini mimi nilikuwa na deni la ukweli. Jumamosi nikaenda wodini. Magreth alikuwa amekaa kitandani, amerudi kwenye uso wake, mtoto kifuani. Nilisalimia, nikamsifia mtoto, halafu nikasema kabla sijaishiwa ujasiri.

"Magreth, kila simu ya Dada Saa Tatu kuna mtu anaikagua. Ile ya kwako ya Jumatatu niliikagua mimi. Niliandika kwamba uko salama. Mashine ilikukata hujamaliza, na mimi sikushtuka. Kwa hiyo kama ungekufa, na mimi ningekuwa nimo."

Nilitegemea anilaumu. Ningemwelewa. Yeye alimweka mtoto vizuri, akanitazama.

"Mama, mimba yangu ya kwanza kichwa kiliuma hivi hivi. Macho hivi hivi. Wiki mbili. Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilianguka jikoni, nilipozinduka mtoto wameshamzika." Akanyamaza, na mimi nikamngoja. "Safari hii nilikuwa na wa kumwambia. Hakunisikia, sawa, lakini wewe ulikuja ukauliza tena. Msimfukuze Dada Saa Tatu, mama. Mwambieni asiwe na haraka."

Nililia mbele ya wodi nzima, wauguzi niliowafundisha wakinitazama.

Rashidi alikaa wiki tatu akimfundisha Dada Saa Tatu adabu. Sasa mama akisema nzuri, anangoja. Kimya kikizidi, anasema, "Ehe?" kama shangazi yeyote wa Kinyamwezi anayejua kwamba hujamaliza. Ile ehe ni sauti yangu. Walinirekodi mara ishirini kwa sababu, Rashidi alisema, kumi na tisa za kwanza zilikuwa kama namgombeza mtu. Rekodi ninazosikiliza sasa ni za simu nzima. Rangi ya kijani imerudi, lakini haiachwi peke yake. Katika kila simu kumi, moja inasikilizwa na mtu, na nilidai iandikwe kwamba itakuwa hivyo siku zote, hata mashine ikizeeka kazini. Yule mama wa Dodoma aliuliza, kwa upole, na wewe mkaguzi nani anakukagua. Swali halali. Nikamtaja Levina. Wiki ya kwanza alinikuta na makosa mawili, akanipigia kuniambia kwa adabu zote. Nilinuna siku nzima, kisha nikamnunulia kanga.

Karatasi mpya ilipoletwa, Bwana Leodgar alikuwa ameacha nafasi juu kabisa, akaniambia sharti la kwanza niliandike mwenyewe. Nikaandika kwa kalamu: "Mashine isiwe na haraka na mtu anayeongea. Haya ni maneno ya Magreth Ngollo, mkulima wa tumbaku, Goweko." Halafu chini yake nikatia sahihi, jina langu lote, na nikaongeza neno mkunga.